Mawe Mawili Katika Kitenge cha Yaya

Siku moja kabla ya kwenda kwa nyoka, nilimkuta dada yangu mkubwa nyuma ya nyumba anachoma mfupa. Harufu nilianza kuisikia tangu kwenye kona ya barabara, nikadhani jirani ameunguza nywele za binti yake kwa chanuo la moto. Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, na katikati ya makaa mekundu kulikuwa na kopo la tomate lililozibwa mdomo kwa udongo.

"Yaya, unapika nini hii inanuka vile?"

"Sipiki, nachoma. Funga mulango ya lupango."

"Ni nyama?"

"Ni mufupa ya ngombe. Funga mulango kwanza, batu banaanza kuchungulia."

Nilifunga mlango wa ua. Kisha akanieleza mpango wake kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetaka kuvunja benki, ingawa alichotaka kuiba kilikuwa chake mwenyewe.

Katika familia yetu kuna jiwe jeusi. Lina ukubwa wa kete ya domino, ni jepesi, na ukiligusisha ulimi linanata. Mtu akiumwa na nyoka, unamchanja kidogo kwa wembe mahali penye jeraha, damu ikichuruzika unaliweka jiwe, nalo linashika lenyewe kama kupe. Unaliacha. Likianguka, sumu imekwisha. Ndivyo mama yetu alivyofundishwa na sista wa misheni ambaye alimwachia jiwe hilo siku aliporudi kwao Ulaya. Mama alikuwa anapiga deki kwenye wodi ya wazazi, na katika maisha yake yote hiyo ndiyo zawadi pekee aliyopewa kazini.

Mama alipofariki, jiwe lilikwenda kwa yaya. Mimi ndiye mtoto wa kiume wa pekee, na nilitegemea angalau kuulizwa. Mama alilimaliza jambo hilo akiwa bado kitandani. "Jiwe inaomba adresi," alisema. "Weye hauna adresi."

Hakukosea. Nimekaa Dilolo nikiuza vitenge na samaki wakavu kwa watu wa upande wa Angola, nimekaa Likasi, nimevuka kwenda Zambia nikarudi, nikavuka tena. Cheti changu cha sekondari kimekaa miaka yote ndani ya Biblia ya yaya, kwenye Mambo ya Walawi, ambako yeye anasema hakuna mtu atakayekisumbua. Kila nikirudi Kolwezi nafikia kwake katika mtaa wa Dilala, nyumba ile ile ambayo kampani ya madini ilimpa baba, yenye sakafu ya saruji nyekundu na veranda inayoangalia pikipiki za taksi. Narudi nikiwa na hamu ya zamani, nakuta zamani imepakwa rangi nyingine, nakasirika, naondoka. Mwaka huo nilikuwa nimerudi na nilikuwa bado sijakasirika vya kutosha.

Yaya, kwa upande wake, hajaenda popote na ni mtu mkubwa. Ni mjane, na ndiye rais wa mama wa parokia. Lakini rais wa mama anaweza kubadilishwa kwenye mkutano, na mwenye jiwe habadilishwi. Mtu akiumwa kuanzia kwetu hadi reli, analetwa getini kwake. Watu wanamsalimia mara mbili. Sokoni wanamwongezea sombe, majani ya muhogo, bila kuombwa, kwa sababu hakuna ajuaye lini atakanyaga nini.

Jumapili iliyotangulia, padri alisoma tangazo mwisho wa misa. Kuna kituo kimefunguliwa nje ya mji, upande wa Mashamba, ambako wataalamu wanafuga nyoka na kuwakamua sumu ili itengenezwe dawa. Kituo kinawaalika wote wenye mawe meusi waende kutazama, na wayalete mawe hayo wayaache huko, kwa sababu yanawachelewesha wagonjwa kufika hospitali. Kutakuwa na chakula, soda na tisheti. Na padri, kwa wema wake wote, akaongeza kwamba rais wa mama atatangulia ili wengine waone mfano.

Kwa hiyo yaya alikuwa kwenye mtego. Akikataa, parokia nzima itajua. Akikubali, geti lake litakuwa geti kama mageti mengine.

"Bataona jiwe, batafurahi," alisema huku akipepea mbabula. "Na mi nitabakia na yangu."

"Sasa unachoma la uongo."

"Sichome ya uongo. Nachoma ya kubapatia."

Sijamwona dada yangu akifanya kazi yoyote kwa uangalifu kama ule. Kopo lilipopoa aliuvunja udongo, akatoa kipande cheusi, akakisugua kwa msasa, akakipaka mafuta ya mawese, akakifuta, akakisugua tena kwenye kisigino chake kigumu. Jiwe la mama lina pembe moja iliyovunjika. Akaivunja na ya hili, kwa koleo, ulimi ukiwa nje kama mtoto anayeandika. Mwishowe akayaweka mawili kwenye kiganja.

"Ya mama ni gani?" aliniuliza.

Nilionyesha moja.

"Umekosa," akasema, na akafurahi sana.

Hapa inabidi niseme kwa nini mimi pia nilikuwa na la kwangu katika safari hii. Nilipokuwa na miaka tisa niliumwa na nyoka kwenye kisigino, nyuma ya choo chetu. Baba alimuua kwa jembe, akamkata kichwa, akakizika kichwa chini ya majivu mbali na nyumba, kama inavyotakiwa kwetu, ili wenzake wasimfuate. Mama akaniwekea jiwe. Nilikuwa mgonjwa wa kwanza wa jiwe hilo. Nililala, nikashikwa na homa, jiwe likaanguka, nikaamka. Tangu siku hiyo nilikuwa yule mtoto aliyerudi kutoka kaburini. Mwalimu alinisamehe hesabu. Nilipoacha kazi ya kwanza, baba hakusema kitu, maana mtu aliyeokolewa lazima ameokolewa kwa ajili ya jambo fulani kubwa. Jambo lenyewe nimelitafuta Dilolo, nimelitafuta Zambia. Kovu ninalo mpaka leo, vitone vidogo na alama ya wembe, na katika kila baa niliyokaa kwenye reli ya Dilolo nimevua kiatu angalau mara moja.

Asubuhi yaya alivaa kitenge cha sare ya mama wa parokia. Katika upindo wa kiunoni alifunga mafundo mawili, moja kushoto, moja kulia.

"Unabeba yote mawili?"

"Unataka niingie ku nyoka bila jiwe? Weye ulisoma mpaka wapi?"

Tulipanda basi dogo la parokia tukiwa na mama wengine wenye mawe. Sikujua kwamba Kolwezi ina mawe mengi hivyo. Kila mama aliamini kwamba la kwake ndilo la kweli kutoka misheni, na kwamba la mwenzake ni mkaa. Basi lilikuwa na harufu ambayo nilikuwa nimeisikia jana yake, lakini nikajiambia kwamba ni nguo za yaya.

Kituo chenyewe nilikijua kabla ya kufika. Ni ile nyumba iliyokuwa klabu ya wakubwa wa kampani, yenye bwawa la kuogelea. Tukiwa watoto tulipanda ukuta kuwatazama watoto wa mainjinia wakiruka majini, na mlinzi alitufukuza kwa mpira wa maji. Nimeota bwawa lile katika kila mji wa joto niliolala. Sasa nilialikwa kuingia kwa mlango wa mbele, na mlinzi alinipigia saluti. Bwawa lilikuwa kavu, limewekewa wavu juu, na mle ndani, kwenye vigae vile vya buluu, kulikuwa na nyoka wamejikunja kivulini.

"Ona," nilimwambia yaya, "hatimaye batoto ba bakubwa bamerudi."

"Nyamaza. Tuko baalikwa."

Daktari wa kituo, ambaye sisi tunamwita munganga kama wote wa kazi yake, alikuwa mwanaume wa Lubumbashi, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono inakata. Mama walimwangalia kuanzia viatu.

"Munganga," akauliza mmoja, mnene, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, "bibi yako anajuaka unalala na nyoka?"

"Anajua, mama. Anasemaka nyoka bananyamaza kuliko familia yangu."

Walicheka, na kuanzia hapo walimpenda, jambo ambalo halikuwafanya wamwamini.

Alitupitisha vyumba. Katika chumba kilichokuwa baa kulikuwa na masanduku ya kioo yenye taa za joto, na nyuma ya nyumba jenereta ilikuwa inanguruma. Yaya aliuliza jenereta ni ya nini. Munganga akaeleza kwamba nyoka hawapendi baridi ya Juni, umeme ukikatika wanaugua.

"Kwetu Dilala umeme inakatikaka kila siku," alisema yaya, "na hakuna mwenye anakuya kuuliza kama tunaugua."

Kisha tukaona kukamua. Msichana mwenye buti ndefu alimtoa kifutu mnene kwa fimbo yenye ndoano, akamshika nyuma ya kichwa, akamwekea meno kwenye ukingo wa glasi iliyofunikwa ngozi ya plastiki. Meno yakapenya, na matone ya manjano yakateremka polepole, kama mafuta ya kupikia yanayomalizikia. Mama wote walishika vifua. Wengine walishika viuno, mahali penye mafundo.

"Na dawa iko wapi?" akauliza yule wa kwaya.

Munganga alieleza kwa subira. Sumu inakaushwa hapa hapa, inakuwa unga. Unga unapanda ndege kwenda nchi nyingine, ambako kuna farasi. Farasi wanadungwa kidogo kidogo mpaka damu yao inajifunza kupigana na sumu. Katika damu hiyo inatolewa dawa, inatiwa kwenye vichupa, na vichupa vinapanda ndege kurudi.

Kisha mama mmoja mzee, ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, akasema: "Sawa na kobalti."

"Kabisa, mama," alisema munganga. "Tofauti ni kwamba hii inarudi."

Nilipiga hesabu ya njia ile kichwani, nikaona kwamba sumu ya nyoka wa Mashamba imepita viwanja vya ndege ambavyo mimi, msafiri wa familia, sijavifikia hata getini. Iliniuma kidogo.

Baada ya soda na mkate, tulikaa kwenye viti vya plastiki kando ya bwawa, na munganga akaomba mtu atoe ushuhuda: nani hapa aliumwa na jiwe likamponya? Kila mkono ulinyooka kunielekezea mimi, maana yaya alikuwa ameshawasimulia kwenye basi. Nilisimama. Nilikuwa nimeingoja siku hii maisha yangu yote, hadhira kubwa na mtaalamu mbele. Nikavua kiatu. Nikasimulia choo, jembe, homa, kaburi. Nilisimulia vizuri, mama wawili walifuta macho.

Munganga aliinama akakitazama kisigino changu kwa heshima, akaniita tata, yaani baba.

"Tata, nyoka alikuwa namna gani?"

"Kichwa sikukiona. Baba alikizika."

"Kila mutu anazikaka kichwa," akasema, akapumua. "Na mwili?"

Sikukumbuka. Yaya ndiye alikumbuka. Alikuwa msichana mkubwa wakati ule na yeye ndiye aliyetumwa kuutupa mwili. "Alikuwa mwekundu-mwekundu, sawa chai ya maziwa," alisema. "Mwembamba. Anang'aa. Tumbo nyeupe sawa sahani."

Munganga aliingia ndani akarudi na foronya ya mto, akaingiza mkono bila glavu, akatoa nyoka wa rangi ya chai ya maziwa, mwembamba, anayeng'aa.

"Huyu?"

"Eeh! Huyu!" Yaya alirudi nyuma na kiti chake. "Njo yeye kabisa!"

Nyoka akamng'ata munganga kwenye kidole gumba. Mama wakapiga yowe, viti vikaanguka, kila mtu akasimama, na yaya wa watu, rais, akawa ameshafika mbele na mkono kwenye upindo wa kitenge, anafungua fundo, anaita wembe. Alikuwa na haraka ya mtu anayejua kazi yake. Munganga alimzuia kwa mkono mwingine. Alikuwa anacheka. Damu ilikuwa matone mawili. Akayafuta kwenye suruali iliyopigwa pasi.

"Mama, kaa. Huyu ni nyoka ya nyumba. Anakulaka panya. Hana sumu. Hana hata kidogo."

Wote wakaniangalia mimi. Nilikuwa nimesimama na kiatu mkononi.

"Na homa?" niliuliza.

"Wembe ilikuwa safi?"

Wembe wa nyumbani kwetu ulikuwa wa baba, wa ndevu.

Yule wa kwaya alikuwa wa kwanza kucheka, na hakuwa wa mwisho. "Tata wa kaburi!" alisema. "Kumbe kaburi ilikuwa ya panya!" Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilivaa kiatu. Nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini na nilikuwa nimeponyoka, kama ilivyojulikana sasa, kutoka kwenye kiwembe.

Munganga hakucheka tena. Alisema taratibu kwamba nyoka wengi wako hivyo, na hata wenye sumu mara nyingine wanauma bila kuitoa, na hao ndio wanaolipatia jiwe sifa. Lakini kifutu akiuma kweli, jiwe linakaa pale, watu wanakaa pale wakilitazama, na mkono unaoza. Alisema hivyo bila kumtazama mtu yeyote. Yaya aliangalia vigae vya bwawa. Najua alimfikiria fundi wa matofali, mtu wa avenue ya nyuma, aliyelala kwenye veranda yake na jiwe likiwa mguuni mpaka akafa hapo. Sikuzote alisema fundi yule aliletwa kwa kuchelewa.

Ndipo wakaleta beseni, na mama wakaimba wimbo, na kila mmoja akapita mbele akidondosha jiwe lake. Yaya alitangulia. Aliingiza mkono kwenye upindo, akatoa, akadondosha, akapigiwa makofi, akapigwa picha akiwa na tisheti yenye nyoka kifuani. Nilivutiwa na utulivu wake.

Utulivu ulidumu hadi nyumbani. Alikaa kitandani, akafungua upindo, akatoa jiwe lililobaki. Akaligeuza. Akalipeleka dirishani. Kisha akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba wa mama.

"Nilitupa ya wapi?"

"Namna gani?"

"Ya mama ilikuwa ku kuume. Lakini ule mupumbavu alipoumwa, nilifungua. Nilitoa jiwe. Niliirudisha wapi?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa na kiatu mkononi.

Tulilijaribu jiwe kwa kila njia. Akaligusisha ulimi: likanata. Lakini hata lile la mfupa lilinata, tulilijaribu jana. Akalinusa: mawese, lakini yote mawili alikuwa ameyapaka, ili yafanane. Pembe iliyovunjika ilikuwepo, bila shaka, alikuwa ameivunja mwenyewe. Hakuna fundi katika Katanga nzima aliyewahi kuharibikiwa na kazi yake kwa kuifanya vizuri namna ile. Mwishowe akaniamuru nivue kiatu.

"Yaya, hapana."

"Vua. Weye njo ilikuponyesha. Itakujua."

Nikakaa kwenye sakafu nyekundu, na dada yangu akaliweka jiwe kwenye kovu langu, akangoja. Lilianguka. Akaliweka tena. Likaanguka tena.

"Hakuna damu," nilimwambia. "Na munganga alisema hata ile siku haikuniponyesha kitu."

"Munganga hakukuwako ile siku."

Kesho yake alinituma kituoni. Nilikwenda kwa pikipiki, kwenye vumbi la malori, nikijiandaa na Kifaransa changu chote cha sekondari. Haikuhitajika. Munganga alinipeleka stoo, akanionyesha ndoo iliyojaa mawe.

"Chagua," alisema.

Nilitazama ndani. Vipande vyeusi, vidogo, kila kimoja kikidai kuwa cha misheni. Vingi vilikuwa bado vinanuka nywele zilizoungua.

"Nusu ya bamama balichoma mufupa juzi," alisema munganga. "Mi nasikia harufu, lakini nafurahi hivyo hivyo. Hata ya basista ilikuwa mufupa ya ngombe, tata. Ya uongo na ya kweli ni kitu moja."

Nilirudi mikono mitupu na kumwambia yaya kwamba yote yanafanana.

"Ulichoka kutafuta," alisema. "Uliangalia ile ya juu-juu tu."

Nilidhani mambo yangeishia hapo. Yaya angeamua kwamba jiwe alilobaki nalo ndilo, maisha yangeendelea, na mimi ningekasirika kama kawaida na kurudi Dilolo. Lakini jiwe alilificha ndani ya sukari, na kila mara nilimkuta amelitoa, analitazama.

Wiki hazikuwa nyingi. Ilikuwa mchana, watu wamekula. Jirani yetu anayekaanga mikate kwenye kona alikuwa amenunua gunia la makaa kutoka msituni, akaingiza mkono bila kuangalia. Tulisikia kelele, kisha tukaona watu wanakuja, wamembeba kwa kiti, moja kwa moja hadi getini kwetu. Mmoja alikuwa amebeba kwenye mwiko mrefu nyoka mfupi mnene, mwenye alama kama za mkeka. Kichwa kilikuwa kimeshakatwa. Lakini hata mimi nilimjua. Nilikuwa nimemwona akikamuliwa kwenye glasi.

"Mama! Jiwe!" walipiga kelele.

Yaya alitoka na jiwe mkononi na wembe mpya. Watu wakampisha. Mkono wa jirani ulikuwa unavimba machoni petu. Akamwinamia. Akaliangalia jiwe. Akamwangalia nyoka. Akaliangalia jiwe tena, na nilimwona anafanya kile ambacho munganga, farasi wake na jenereta yake hawakuweza kumfanya afanye: alikuwa na shaka. Hakuwa na shaka na mawe. Jiwe la mama aliliamini kama ubatizo wake. Alikuwa na shaka na hili tu, kwa kuwa alijua kuna siku alichoma lingine kwa mikono yake.

"Mama, unangoja nini?" akasema mumewe jirani, fundi mzee wa kampani. "Weka!"

"Ita moto," alisema yaya.

"Moto ya nini?"

"Pikipiki! Anaenda ku hospitali. Sasa hivi."

"Bila jiwe siende," alisema jirani kutoka kwenye kiti, meno yanagongana. "Utaniua kama fundi wa matofali. Niwekee jiwe."

Sijui kama alijua anachosema. Yaya alifumba macho kidogo. Kisha akachana kipande cha kitenge cha sare, akaliweka jiwe juu ya mkono wa jirani bila kuchanja, akalifunga polepole, bila kukaza, kama mtu anayevalisha.

"Iko. Imekushika. Sasa panda."

Akapanda mwenyewe nyuma ya jirani, akimkumbatia, na kumwambia dereva kwamba akisimama hata kwa polisi, mapadri hawatamzika. Mimi nilifuata kwa pikipiki nyingine. Njiani, kila mahali, watu waliotujua walinyoosha vidole: mwenye jiwe anapita.

Hospitalini nesi alikata kitambaa kwa mkasi, akalidaka jiwe lilipoanguka, akaliangalia kama mtu anavyoangalia mbegu ya parachichi, akalitupa kwenye ndoo ya pamba chafu. Yaya aliinama akachungulia ndoo ile. Friji ilikuwa na vichupa vilivyoachwa na watu wa kituo, na siku hiyo umeme ulikuwepo, au tulikuwa na bahati tu. Nilisoma karatasi ya kichupa: nchi ya mbali. Kifutu wa Mashamba, labda yule yule wa glasi, alikuwa amerudi nyumbani akiwa dawa.

Jirani alipona. Kidole kimoja hakinyooki sawasawa, na anakitumia kugeuzia mikate. Kwenye avenue walikubaliana haraka kwamba ni jiwe, na kwamba halijawahi kushika vizuri kama siku ile. Hospitali, walisema, ilimpa tu maji ya chumvi. Mumewe alileta kuku. Yaya alimpokea kuku.

"Utabaambia?" nilimuuliza, tukimnyonyoa.

"Nitabaambia nini? Kama jiwe ya mama iko ku poubelle ya pamba chafu, ao iko ku ndoo ya nyoka? Chagua moja, unisaidie."

Niliendelea kunyonyoa. Kusema kweli nilikuwa nimeanza kufunga begi, lakini nilikaa zaidi ya nilivyopanga, kwa sababu watu waliendelea kuja getini, na nilitaka kuona atafanyaje. Safari ya kwanza alikuja mchimbaji aliyeumwa mguuni, amebebwa na wenzake wawili wenye vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama, tunaomba jiwe."

Yaya alisimama getini na tisheti yake ya nyoka, aliyokuwa anafulia nguo nayo, mikono imejaa povu.

"Jiwe haikalake hapa tena," alisema. "Ilihama. Iko ku hospitali. Mukimbie."

Wakakimbia. Hawakuuliza hata kwa nini. Jiwe lilikuwa limepata adresi nyingine, basi.

Kuhusu mimi, nimerudi kwenye reli. Juzi, Dilolo, mtu mmoja aliniona natembea nikivuta mguu, akaniuliza kisigino kina nini. Nilishika kamba za kiatu. Halafu nikamwambia ni viatu vipya.